Asubuhi kwa Bi Mwanaidi

Harufu ya uji wa ulezi unaoanza kushika chini ya sufuria, ikichanganyika na moshi wa mafuta ya taa, ndiyo iliyokuwa ikiniamsha nilipokuwa mtoto. Jiko letu la mchina lilikaa kwenye kona ya ukumbi, karibu na dirisha lisilofunga vizuri, na wakati wa masika ukungu wa Mlima Meru ulipenya hapo taratibu kama mgeni asiyebisha hodi. Nikiwa bado chini ya blanketi nilisikia mwiko ukizunguka, nikasikia mama akikohoa kidogo kwa ajili ya moshi, kisha sauti ya uji ukimiminwa kwenye kikombe kikubwa cha bati chenye mfuniko. Kikombe hicho hakikuwa chetu sisi watoto. Uji wa kwanza kuepuliwa nyumbani kwetu ulikuwa wa jirani. Mama alikifunika, akakizungushia kitambaa ili kisipoe, akajitanda khanga na kutoka. Aliporudi ndipo sisi tulipopewa uji wetu, na kufikia hapo ulikuwa umeshaganda juu utando mwembamba ambao mdogo wangu Elia aliupenda na mimi niliuchukia.

Tulikaa Moshono, pembezoni mwa Arusha, siku hizo ikiwa nusu mji na nusu shamba. Nyumba za matofali ya saruji zilikuwa zikichipuka katikati ya migomba na mibuni, na mfereji wa maji ya mlimani ulipita kati ya viwanja bila kujali mipaka ya mtu. Ilikuwa ile miaka ambayo watu waliiita ya ruksa. Maduka ambayo zamani yalikuwa na rafu tupu na foleni ndefu yalijaa ghafla sabuni za rangi, mafuta ya kujipaka yenye harufu ya matunda tusiyoyajua, na chupa za chai zilizochorwa maua mekundu. Vitu vilikuwa vingi kuliko tulivyowahi kuona, na kazi zikawa chache kuliko watu walivyowahi kuzoea. Baba yangu alikuwa fundi mitambo kiwandani tangu kabla sijazaliwa. Mwanzoni mwa mwaka ninaousimulia, yeye na wenzake wengi waliitwa uwanjani wakaambiwa kwamba kiwanda kinapunguza watu. Alirudi nyumbani mchana, jambo ambalo hatukuwahi kuliona, akavua ovaroli, akaikunja vizuri na kuiweka juu ya kabati. Tangu siku hiyo mama akawa ndiye anayetoka. Alichukua mitumba kwenye marobota mjini, akaiosha, akaipiga pasi ya mkaa, akaiuza sokoni. Mikono yake ilinuka sabuni na mkaa hata siku ya Jumapili kanisani.

Jirani huyo aliyekuwa akipelekewa uji aliitwa Bi Mwanaidi. Alikuwa mwenyeji wa Pangani, mjane, na alifika Arusha kumfuata mwanawe Shabani aliyekuwa dereva wa malori ya mizigo. Walipanga vyumba viwili ng'ambo ya mfereji, hatua chache tu kutoka kwetu, mahali pa kuvuka kwa ubao mmoja. Mwaka wa nyuma kiharusi kilimpiga akiwa anatandika kitanda, upande wote wa kulia ukalala, na ulimi wake ukawa mzito kidogo, kama mtu anayezungumza huku ana tende mdomoni. Shabani alikuwa njiani wiki nyingi kuliko alizokuwa nyumbani. Mkewe, Zaina, alikuwa akiuza vitumbua na chai stendi, hivyo aliondoka kiza kingali kizito na kurudi adhuhuri. Kati ya kuondoka kwake na kurudi kwake palikuwa na asubuhi nzima, na asubuhi hiyo ndiyo mama aliyoichukua. Bi Mwanaidi angeweza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto, lakini maisha yake yote alifundishwa kwamba mkono wa kushoto si wa kulia chakula, na hakutaka kuanza kujivunjia adabu uzeeni. Basi mama alimlisha. Alimwosha uso, akamchana nywele, akamgeuza ili asipate vidonda, akaja zake. Nakumbuka siku moja nilimuuliza, kwa ile jeuri ya mtoto mwenye njaa, "Mama, kwani lazima uende kila siku?" Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kitu cha ajabu, akasema, "Wewe unakula siku moja ukapumzika siku ya pili?" Ndilo somo pekee alilowahi kunipa kuhusu jambo hilo. Mama yangu hakuwa mtu wa mawaidha.

Masika ya mwaka huo yalikuwa ya baridi kali, na mlima ulijificha siku nyingi mfululizo hata tukawa kama watu wanaokaa uwanda mtupu. Mama alianza kwa kukohoa kikohozi ambacho hakikutokana tena na moshi. Alikwenda sokoni nacho, akaenda kwa Bi Mwanaidi nacho. Siku aliyoshindwa kunyanyua pasi, baba alimpeleka hospitali, na waganga wakasema ni homa ya mapafu na kwamba alichelewa. Kabla wiki haijaisha, wanawake wa jumuiya ya kanisa walikuwa wamejaa ukumbini kwetu, na mtu fulani, sikumbuki nani, alikuwa amelizima jiko letu na kulisukuma pembeni ili magodoro yatandikwe. Tulimsafirisha hadi Machame, tukamzika kihambani, shamba la ukoo wa baba, kati ya migomba, kama desturi inavyotaka. Udongo ulikuwa mwekundu na umelowa, ukashika viatu vya watu wote. Bibi mzaa baba alilia hadi sauti ikakauka. Elia alilia kwa sababu bibi analia. Mimi sikulia. Nilisubiri kilio kama mtu anavyosubiri chafya, nikihisi kwamba kipo karibu, lakini hakikuja. Mama mmoja alinikumbatia na kuniambia, "Lia mwanangu, usijifunge," nami nikaona aibu, kwa sababu sikuwa nimejifunga. Hapakuwa na kitu cha kufunga. Unajua mguu unavyokufa ganzi ukiukalia, unaukanyagia chini na kuona sakafu ipo lakini mguu haukupi habari yoyote? Mimi mzima nilikuwa hivyo.

Elia aliachwa Machame kwa bibi, kwa kuwa alikuwa mdogo mno. Mimi na baba tulirudi Moshono wawili, tukifungua mlango wa nyumba iliyonuka unyevu na kahawa ya msibani. Baba aliketi kwenye kiti chake karibu na redio, asiiwashe. Alikuwa mtu mrefu mwenye mikono mikubwa ya ufundi, na mikono hiyo aliilaza mapajani, viganja vikiangalia juu, kana kwamba ameambiwa asubiri kupewa kitu. Alikaa hivyo siku hiyo na siku zilizofuata. Ukimpa chakula alikula. Ukimwambia mtu amekuja alisema karibu. Wenyewe husema msiba wa wengi ni harusi, lakini watu walipokwisha kutawanyika tulibaki sisi tu, na wetu haukufanana na harusi hata kidogo.

Asubuhi ya kwanza baada ya kurudi, niliamka kabla ya jogoo wa jirani. Sikuamshwa na harufu yoyote. Nililirudisha jiko mahali pake, nikawasha tambi, nikakoroga ulezi. Ulitoka na madonge na nikayasaga kwa mgongo wa mwiko kama nilivyomwona akifanya. Nikamimina wa kwanza kwenye kikombe cha bati, nikakifunika, nikazungusha kitambaa, nikavuka ubao wa mfereji. Watu wamewahi kuniuliza nilikuwa nawaza nini, mtoto wa darasa la tano. Sikuwa nawaza. Miguu ilikwenda.

Mlango wa Bi Mwanaidi haukufungwa kwa ndani, kwa kuwa asingeweza kuufungua. Niligonga, nikaingia. Chumba kilikuwa na harufu ya mafuta ya nazi na udi uliokwisha kuzimika.

"Nani huyo?" aliuliza kutoka kitandani.

"Ni mimi Ana, bibi. Shikamoo."

Kulikuwa na mwanga hafifu wa alfajiri, na niliuona uso wake uliopinda kidogo ukinitafuta nyuma yangu, mlangoni, halafu ukarudi kwangu.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Umekuja peke yako." Halikuwa swali. Nilikaa kwenye kigoda ambacho mama alikuwa akikalia, nikapuliza uji, nikampa. Mwingine ulichirizika kwenye ile kona ya mdomo iliyolala, nikaufuta kwa ncha ya kitambaa. Machozi nayo yalimchirizika, yakachanganyika na uji, na nikayafuta vilevile, kwa kitambaa kilekile. Sikuhisi huruma. Nilihisi tu kwamba uji unapoa na kwamba nitachelewa shule.

Ndivyo ikawa desturi yangu. Baada ya siku chache Bi Mwanaidi aliniomba jambo jingine, akiomba kwa haya, kwa kuwa alijua sisi ni Walutheri. Zaina alikuwa akiondoka kabla ya adhana, hivyo hakuwa na mtu wa kumtilia maji ya udhu, na mama, alisema, ndiye aliyekuwa akimsaidia. Sikuwahi kujua. Mama hakulisema nyumbani wala kanisani. Bi Mwanaidi alinifundisha taratibu: mikono kwanza, kinywa, pua, uso, kisha mikono hadi viwiko, kichwa, na mwisho miguu. Nilimshikia beseni, nikamtilia maji kwa kopo. Tulipofika kwenye mkono ule uliolala, niliupitisha haraka, maji juujuu, nikidhani haina maana. Aliniambia, "Hapana. Uoshe kama ule mwingine. Hadi kiwikoni." Nikauinua. Ulikuwa mzito kuliko nilivyotarajia, wa baridi, na ngozi yake laini kama ya mtoto kwa kutofanya kazi.

"Unasikia maji, bibi?"

"Sisikii kitu."

"Sasa?"

"Sasa nini? Ni mkono wangu. Kwa kuwa hausikii ndiyo usioshwe? Nao una haki yake." Alisema kwa ukali kidogo, kama anayemkaripia mjukuu wake mwenyewe. Nikauosha, kidole baada ya kidole, nikaupangusa. Kisha aliswali akiwa ameegemea mto, nami nikamsubiri nje barazani, nikiangalia Moshono ikitoka kwenye ukungu, paa moja baada ya jingine.

Watu walianza kunisifu. Kanisani wanawake walinishika kidevu wakasema nina moyo wa mama yangu. Mwalimu wangu wa zamu, aliyekuwa na fimbo kwa kila anayechelewa, alinipungia mkono nipite hata nikifika namba imekwisha kuitwa. Mchungaji alipotutembelea alimwambia baba, "Kutoa ni moyo, mzee, si utajiri. Mtoto huyu ametufundisha wote." Baba akatikisa kichwa. Nami nilisimama pale na sinia la vikombe, nikijua kwamba methali hiyo hainihusu. Moyo gani? Nilikuwa nikitoa bila moyo. Mikono yangu ndiyo iliyokuwa ikitoa, na moyo ulikuwa umelala mahali fulani, mzito na wa baridi, hauna habari. Nilidhani ni siri mbaya. Nilidhani wakijua wataniona mnafiki.

Shangazi Ndeshi alikuja kutoka Machame mvua zikiwa bado hazijaisha. Alikuwa dada wa baba, mwanamke wa kazi, mwenye kicheko kikubwa alichokiacha mlangoni kwa heshima ya msiba. Alifua mapazia, akaanika magodoro, akapika mtori wa ndizi na nyama hadi baba akaongeza bakuli. Nilikuwa na sababu zote za kumshukuru, na hadi leo namshukuru. Lakini siku aliyoniona nikitoka na kikombe gizagiza lile, alinishika bega.

"Unakwenda wapi na uji?"

"Kwa Bi Mwanaidi, shangazi."

"Wewe mtoto, umefiwa na mama yako juzi juzi. Unaamka saa hizi kumwogesha mzee wa watu? Yule ana mwana, ana mkwe. Wewe una nani?" Hakuwa amekasirika. Alimgeukia baba, ambaye tayari alikuwa kitini. "Kaka, mwambie. Utoto wake unaisha hivi hivi tunaona."

Baba aliangalia viganja vyake. "Fanya unavyoona, Ndeshi," alisema.

Basi shangazi alikichukua kikombe mikononi mwangu, akaninywesha mimi ule uji. Akaniambia nirudi kulala hadi saa ya shule. Nilirudi, nikalala chali, macho wazi, nikiangalia bati. Nilitii, kwa maana mtoto wa kwetu habishani na shangazi yake. Nilichokuwa nimebakiwa nacho kwa siku nzima kilikuwa ni ule mwendo mfupi wa kuvuka ubao, na ulipoondoka siku ikawa haina pa kuanzia. Shuleni siku hiyo niliulizwa jina langu na mwalimu mgeni, nikachukua muda kulikumbuka.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi na mvua ilinyesha kuanzia alfajiri, ile mvua nyembamba ya mlimani isiyo na haraka. Tulikuwa ndani sote watatu. Shangazi alikuwa akimenya ndizi. Tulisikia kitu kikikwaruza mlango upande wa chini, tukadhani ni mbwa. Kikakwaruza tena. Shangazi akaenda kufungua na kisu mkononi, na nikasikia kisu kikianguka.

Bi Mwanaidi alikuwa chini, kizingitini. Alikuwa amekuja akijiburura kwa mkono wa kushoto na kiwiko, amevuka ubao wa mfereji kwa tumbo, amepita kwenye matope ya njia yote ile. Khanga yake iligeuka rangi ya udongo. Mkono wa kulia ulikuwa umeburuzika nyuma yake, na kwenye kifundo ulikuwa umechubuka na unatoka damu ambayo yeye hakuwa na habari nayo. Alikuwa akihema sana. Alimtazama shangazi, hakumjua, akatazama ndani.

"Mtoto," alisema kwa ule ulimi wake mzito. "Mtoto anaumwa?"

Shangazi alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Ndipo nikasikia kiti cha baba kikilia. Alisimama. Alipita katikati yetu, akainama, akampitishia mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya magoti, akamwinua yule mwanamke kama alivyokuwa, na matope yake yote.

"Haumwi, bibi," baba alisema. "Yupo. Huyo hapo, umemwona?"

"Nimemwona," alijibu Bi Mwanaidi, akafumba macho.

Baba alimketisha kwenye kiti chake mwenyewe. Kisha akasema, bila kumgeukia mtu, "Ndeshi, tafadhali, weka uji jikoni." Shangazi akauweka. Tulimwosha matope sisi wawili, mimi na shangazi, nyuma ya pazia, na shangazi alipofika kwenye mkono ule uliochubuka akaanza kulia, akalia kile kilio nilichokuwa nikikisubiri mimi Machame, cha mabega na cha sauti, huku akiosha. Nilimwonyesha namna ya kuuinua. Nilimwambia, "Hadi kiwikoni, shangazi." Alipokuwa msafi, na amevikwa khanga ya mama, baba alimlisha uji. Hakujua kumlisha mtu. Alijaza kijiko kupita kiasi, akamwagia kifuani, akaomba radhi. Halafu akambeba kumrudisha kwake kwenye mvua, nami nikiwatangulia na mwavuli usiotosha yeyote.

Kuanzia hapo tulikwenda wawili. Mambo ya udhu na ya kike yalikuwa yangu, uji na kubeba vikawa vya baba. Alimtoa barazani jua likichomoza, akamrudisha ndani likiwa kali. Baada ya muda aliona kwamba kigoda hakimfai, akatafuta mbao, akamtengenezea kiti chenye mikono mipana na cha kuegemea ubavuni. Alikipiga msasa siku nzima. Sikumbuki kwamba alichangamka, la. Alikuwa mkimya vilevile. Lakini mikono ilikuwa inafanya kitu, na mtu ambaye mikono yake inafanya kitu huwa anakumbuka kula, anakumbuka kunyoa ndevu, hatimaye anakumbuka kuuliza mtoto wake amesoma nini. Shangazi alirejea Machame mvua zilipokatika. Hakusema lolote kuhusu suala lile, wala kuomba msamaha, kwani hapakuwa na la kuombewa. Ila kila alipotuma mkungu wa ndizi kwa basi, aliufunga pamoja na mwingine mdogo, na aliyeuleta alikuwa na maagizo kwamba huo ni wa mama wa ng'ambo ya mfereji.

Miezi hiyo ulezi wetu ukaisha, na siku ya gulio mimi na baba tukaenda Ngaramtoni, mahali ambapo mama alikuwa akinunua. Kulikuwa na vumbi na mbuzi na sauti za Kimaasai na Kiarusha kila upande, na baridi ya mlimani iliyotushukia shingoni. Mama mmoja muuzaji, mwenye shanga masikioni, alinitambua. Alinitazama usoni, akamtazama baba, akauliza kwa Kiswahili chake cha polepole, "Mama yako hajaja leo?" Baba alifungua mdomo, lakini nilimtangulia. Nikasema, "Mama amekufa." Nilikuwa sijawahi kulitamka neno hilo kwa sauti. Lilitoka kavu, kama bei. Yule mama akasema maneno ya kwao kwa sauti ya chini, akaongeza kiganja kizima cha ulezi juu ya debe. Nami nikaendelea kushika mdomo wa mfuko. Hapo baba akaweka mkono wake kichwani pangu, akauacha hapo muda wote yule mama akimimina. Niliuhisi uzito wake. Niliuhisi ujoto wake, na ukwaruzo wa ngozi yake kwenye nywele zangu. Siwezi kusema nililia, kwa maana sikulia. Lakini katika miezi yote ile, hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokisikia.

Mwishoni mwa mwaka Shabani aliamua kumrudisha mama yake Pangani, kwa dada zake, mahali penye joto na watu wengi wa kumtazama. Ilikuwa sawa. Siku ya kuondoka walimpandisha mbele kwenye lori, kile kiti alichotengenezewa na baba kikafungwa nyuma juu ya mizigo. Nilipanda ngazi ya lori kumuaga. Alinishika uso kwa mkono wake wa kushoto.

"Ile siku ya mvua," aliniambia, "ninyi mlidhani ni njaa."

"Tulidhani hivyo, bibi."

"Njaa naijua, mwanangu. Njaa isingenitoa ndani. Wewe ulikuwa unakuja, unanilisha, unaniosha, na machoni hamna mtu. Kila siku nakuangalia, hamna mtu. Nikasema, huyu kinachomshika ni huku kuja tu. Asipokuja, tumempoteza." Akavuta pumzi, kwa kuwa maneno mengi yalimchosha. "Basi nikaja mimi."

Lori likaondoka kuelekea barabara ya Moshi, na mimi na baba tukarudi nyumbani kwa miguu. Bi Mwanaidi alifariki huko Pangani mwaka uliofuata, tulipata habari kwa Zaina. Baba akachukua ndoo, akaenda kuchota maji.

Sasa mimi ni mtu mzima kuliko mama alivyokuwa, na baba amelala kihambani karibu naye. Bado nakaa Moshono, lakini mgeni wa zamani asingeijua. Migomba imekwisha, mfereji umefunikwa na barabara, na kila nyumba ina ukuta, geti la chuma na tangi la maji juu ya mnara. Mtu akifiwa, habari inafika kwenye simu za mtaa mzima kabla hajamaliza kulia, na pole zinamiminika papo hapo, zote zikifanana. Sisemi watu wa zamani walikuwa wema kuliko hawa. Wengi walimjua Bi Mwanaidi na hawakuwahi kuvuka ule ubao. Ninachoona ni kwamba siku hizi tumejifunza kuusubiri moyo. Tunasema nitakwenda nikijisikia, nitasaidia nikiguswa, na kwa kuwa moyo una usingizi mrefu, siku zinapita. Mimi sikupewa nafasi ya kujifunza hivyo. Nililelewa na kipindi ambacho moyo wangu haukuwepo kabisa, na asubuhi zilikuja vilevile, zikihitaji mtu wa kukoroga.

Mkabala na geti letu anakaa mwalimu mstaafu, mzee ambaye macho yake yamekwisha. Watoto wake wako mbali, na msaidizi wake huingia kazini jua likiwa limepanda. Asubuhi huwa ninavuka barabara kwenda kumsomea kidogo na kumpimia dawa zake. Ni mzee mkali, mwenye malalamiko, na ipo mikutano yetu mingi ambayo hakuna aliyemfurahia mwenzake. Hivi karibuni binti yangu, ambaye ana umri niliokuwa nao mimi wakati ule, alinikuta nikijiandaa kutoka. Kulikuwa na baridi, ukungu umeshuka hadi kwenye nyaya za umeme. Akaniuliza, akiwa ameegemea ukuta na usingizi machoni, "Mama, kwani unampenda yule mzee?"

Nilifikiri. Nilitaka kumpa jibu la kweli, na nililitafuta ndani yangu, sikulipata.

"Sijui," nilimwambia. "Vaa viatu twende."